Siku moja na kapasita zangu

Saa moja asubuhi nimeshavaa buti na glavu, niko kiwandani. Watu wakisikia fundi umeme huwaza balbu na soketi. Mimi nashughulikia kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme kwa muda, zile zilizopangwa kabatini kando ya bodi kuu, zisizotazamwa na mtu mpaka bili ipande.

Saa mbili na nusu napima. Mzigo ni kilowati 100, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi) ni 0.7, na kebo kuu ya fezi tatu, volti 400, inabeba ampea 206. Mota haizunguki bila usumaku, na usumaku unataka nguvu riaktivu. Nguvu hiyo haisukumi wala kuinua kitu. Katika umeme wa hezi 50, kila fezi huipeleka na kuirudisha mara 100 kwa sekunde. Lakini mkondo wake unajaza kebo na kuchemsha transfoma kama mkondo mwingine wowote.

Nazima kabati, nasubiri dakika tano, napima tena kwenye terminali. Kapasita iliyozimwa bado ina chaji, na hapo sikubali kuharakishwa na yeyote. Fyuzi zimeungua, kontakta moja, swichi ya kuwashia kapasita, imeliwa midomo. Nabadilisha.

Saa sita nawasha kapasita hatua moja moja, kVAr 10 kila moja (kVAr ni kipimo cha nguvu riaktivu). Ampea 196. 187. Hatua ya saba, 152, pawa fakta 0.95, na hakuna mashine iliyopunguza mwendo. Ampea zikishuka hivyo, uchovu wote naona si kitu.

Ndipo akaja meneja na klampu mita yake, kipimo cha ampea, akaibana kwenye kebo ya mota kubwa. "Fundi, mbona hapa ni ile ile? Umefanya nini tangu asubuhi?"

"Bosi, hapo haitashuka. Mota bado inataka usumaku wake. Zamani ilikuwa ikiuvuta kutoka mbali, sasa inaupata kabatini hapa. Kilichopumua ni kebo kuu na transfoma."

Akaenda mota ya pili. Ya tatu. Kila mahali swali lile lile, sauti juu zaidi. Mwishowe nikamrudisha bodi kuu, nikatoa hatua zote mbele yake, ampea zikapanda hadi 206. Kuzirudisha si kubofya tu: kila kapasita lazima kwanza itoe chaji. Tumesimama pale, jua limeshapinda, sijala, miguu inawaka, yeye amekodolea macho namba. Ilipofika 152 akauliza, "Kwa hiyo naweza kuongeza mashine?" Nikamwambia nafasi ipo, ila tupige hesabu kwanza.

Jioni sikuondoka mpaka mota zizimwe. Kapasita zikibaki peke yake laini nzima, volti hupanda. Kidhibiti kikazitoa moja baada ya nyingine, kama nilivyokipanga, nikafunga kabati na kusaini ripoti.