Kipimo cha wiki ya 36 ya ujauzito
Jamani, nilipoambiwa nina streptokoka kundi B nilijua naumwa. Kumbe bakteria huyu hukaa tu mwilini. Karibu mwanamke 1 kati ya 4 anaye, bila dalili yoyote. Kipimo ni kijiti cha pamba ukeni na kwenye njia ya haja kubwa, sekunde chache (aibu ndiyo ndefu). Nikaomba vidonge nimalizane naye mapema. Mkunga akacheka: ukimeza sasa, atarudi kabla hujajifungua. Dawa, ili mtoto asiambukizwe wakati wa kuzaliwa, ni penisilini ya mshipani uchungu ukishaanza, ikiwezekana angalau masaa 4 kabla mtoto hajatoka. Mimi amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, hunitoa vipele, nikasema hapo hapo. Kwa kuwa mzio wangu si mkali, wamenipangia sefazolini, antibayotiki nyingine. Begi liko mlangoni.