Nimefungua fisheye ya bei ya chini, na kioo hakina makosa

Kila nikisoma watu wakiongelea hizi fisheye za Kichina za 7.5mm (lensi za kamera zinazoona pana sana hadi picha inapinda) maneno ni yale yale, ati pembeni ni uji mtupu, ati ukiiachia f/2.8, yaani apacha (tundu la kuingiza mwanga) iwe wazi kabisa, picha yote inatoka na ukungu, alafu wanamalizia na rahisi ni ghali wanaenda zao. Mimi hiyo story sikubali. Yangu niliitoa mkono wa pili hapa hapa Nairobi ikiwa na ugonjwa huo huo, na sa hii nimeshaifungua nikairudisha, kioo kiko sawa kabisa, shida ilikuwa mahali kioo kimekalishwa.

Hebu tupige hesabu kidogo kabla ya kushika bisibisi. Lensi ya 50mm ukitoa fokasi kwa vitu vya mbali kabisa uilete kwa kitu kilicho mita moja, vioo vinasogea karibu milimita 2.6. Hii ya 7.5mm safari hiyo hiyo inasogea kama 0.06 tu! Karatasi ya fotokopi iko na unene wa kama 0.1. Kwa hivyo kiwandani maunti (ile sehemu ya nyuma inayoshika kamera) ikikaa juu kwa nusu ya karatasi, infiniti yako, ile fokasi ya vitu vya mbali kabisa, imeenda, wewe unapiga vilima vya Ngong na lensi inaangalia mtu aliye mita moja mbele yako, na ringi ya fokasi nayo inakuonyesha alama ya infiniti bila aibu. Ndio maana pia ukifunga apacha hadi f/8 shida inapotea, juu kwa f/8 hii lensi ukiilenga vizuri inashika kuanzia kama sentimita 20 kutoka kwa pua yako mpaka mawinguni, makosa yote yanafichwa humo, alafu lawama inapewa f/2.8.

Nilianza kwa fundi mmoja wa kamera huko tao. Akaizungusha, akachungulia nyuma, akanirudishia. "Boss, hii haina mota, haina waya, haina chochote. Nikikulipisha nitakuwa nimekuibia, enda ufungue mwenyewe." Wangapi wanaweza kukuambia hivyo? Na alisema ukweli, hii kitu ni chuma na vioo tu, hakuna waya wa kukata na hakuna chipu ya kuua, na kwangu hiyo ndio sababu kubwa ya kupenda lensi za bei hii kuliko hata bei yenyewe.

Bisibisi ni zile ndogo za kufungulia simu, Luthuli zimejaa, lakini chagua yenye ncha inakaa kabisa kwa kichwa cha skurubu, juu skurubu za lensi ni laini na ikishateleza mara moja kichwa kinakuwa shimo. Zikikataa usilazimishe, kiwandani huwa wanazipaka gundi. Unachukua asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha (Dubois Road utapata mpaka uchoke), unadondosha kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha meno, unangoja, inalegea. Isifike kwa plastiki ama kwa namba zilizochorwa. Mahali pa kufanyia nilichagua bafu, mlango umefungwa na sakafu imemwagiwa maji, juu vumbi ya huku kwetu unaijua.

Nyuma unatoa skurubu za maunti, na chini yake ndio kuna siri yote, vipete vyembamba vya shaba vimepangwa, vyepesi hadi ukipumua vinaruka. Hivyo ndivyo vinaweka umbali kati ya vioo na sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha. Kama ringi imefika mwisho na vitu vya mbali bado havijaingia fokasi, lensi iko mbali sana na sensa, unapunguza kipete. Kama inaingia fokasi alafu inapitiliza, wacha vipete vikae, hapo ni alama tu imehama. Yangu ilikuwa haifiki, nikatoa kimoja, ikafika na ikapitiliza kidogo.

Sasa ukiendelea hadi kutenganisha helikoidi, zile hesi kubwa zinazosukuma vioo mbele na nyuma, kuna kitu usisahau. Hizo hesi zina milango mingi ya kuingilia, na ni mmoja tu ndio wake. Zungusha polepole, pale zinapoachana piga alama pande zote mbili. Ukirudishia mlango mwingine itazunguka vizuri kabisa lakini infiniti hutaiona tena. Grisi iwe ile nzito ya helikoidi, kidogo tu. Mafuta ya cherehani ama vaselini hapana, yanatambaa hadi kwa bleidi za apacha, zinashikana.

Kurekebisha ringi nilipandia rufu usiku, pale kwa kamba za nguo, nikatafuta taa za mbali kule Upper Hill. Unalegeza skurubu tatu ndogo za pembeni mwa ringi, unakuza picha kwa skrini, f/2.8, unazungusha vioo hadi taa iwe nukta ndogo kabisa, alafu unashikilia hapo na kuleta ringi peke yake kwa alama. Kaza kila moja kidogo kidogo kwa zamu.

Nimeijaribu kwa matatu jioni, nikakaa kiti cha nyuma na f/2.8, ringi kwa mita moja, na kuanzia magoti ya jirani hadi taa za barabarani nje ya kioo cha mbele kila kitu kimekatika safi, hata maandishi ya darini yanasomeka. Taa za pembeni bado zina karangi ka zambarau ukingoni, hiyo ni tabia ya kioo chenyewe na bisibisi haiifikii. Vioo 11 vya ndani sijavigusa. Kuna kavumbi nyuma ya kile cha mbele, na hizi fisheye ukifika f/16 na jua liko ndani ya picha (litakosaje, na unaona nyuzi 180?) kanaonekana kama doa. Kukatoa nahitaji ile spana ya lensi yenye ncha mbili, na tao nimezunguka sijaiona. Kama unajua duka linaiuza niambie.