Koti kwenye kiti

Jumanne usiku, Uyole, Mbeya. Mvua imekatika, baridi imebaki.

App yangu ni ndogo tu. Wakala wa maparachichi anasimama barabarani, anaelekeza simu shambani, app inaandika upande, ili dereva wa kirikuu akija kesho yake ajue akunje wapi. Kule Tukuyu ukungu ukishuka, hata mgomba ulio mbele yako huuoni.

Asubuhi mama mmoja wakala kanipigia. "Mwanangu, dira yako inasema mashamba yote yako kaskazini. Hata la kwangu, na mimi nimeligeuzia mgongo!" Nikacheka. Kisha nikafungua rekodi: 0, 0, 0 (nyuzi 0, yaani kaskazini), mashamba 11. Kicheko kikaisha.

Si kwamba sikukagua. Kwenye kodi niliita getSystemService, nikapewa SensorManager, msimamizi wa vihisi vya simu, nikahakikisha si null, yaani si patupu, nikaendelea zangu. Kumbe lile lilikuwa koti kwenye kiti. Ofisi za hivyo tunazijua: mlango wazi, koti limetundikwa, mwenyewe "katoka kidogo". SensorManager ipo, lakini kihisi cha sumaku kinachoendesha dira, simu nyingi za bei ya chini hazina. Kwenye simu hizo, ukiomba kihisi hicho kwa getDefaultSensor ya TYPE_MAGNETIC_FIELD unaambulia null. Na null hiyo ukiipeleka kwenye registerListener, amri ya kuanza kusikiliza kihisi, app haianguki! Amri inarudisha false, yaani imeshindikana, inaacha mstari mmoja kwenye logi, basi. Hiyo false sikuitazama hata siku moja. Heri ingeanguka, ningejua mapema.

Jamaa yangu kashauri niandike kwenye manifesti, faili linalotaja app inahitaji nini, kwamba dira ni lazima, ili Play Store iifiche app kwa wasio nayo. Nimekataa. Mawakala hawa niliwarushia faili la kusakinishia, APK, kwa WhatsApp, na Android yenyewe haimzuii mtu kusakinisha kwa sababu ya uses-feature, ule mstari wa manifesti. Halafu wasio na dira ndio hasa niliowatengenezea.

Basi nimeweka required="false", yaani dira si lazima, na sasa naulizia kihisi chenyewe. Kisipokuwepo, mshale unafichwa na kinatokea kisanduku cha kuandika kwa mkono. Saa tatu usiku nimemtumia mama toleo jipya, naye hakungoja kesho, kajaza la kwake akiwa nyumbani, na asante ya Kinyakyusa mwishoni:

"Ukipita kanisa shika kushoto, penye mparachichi uliopigwa radi. Mbwa hang'ati. Ndaga fijo."