Mungu wa kubuni aanzie kwenye dagaa

Wanaobuni dini kwa ajili ya ulimwengu wa hadithi wengi huanza na majina: mungu wa moto, mungu wa vita, mungu wa maji, kila mmoja na silaha yake. Kufika ukurasa wa kumi msomaji keshawachanganya.

Anza na kazi ya watu. Chukua kisiwa cha kubuni kinachofanana na Ukerewe ya Ziwa Victoria, chenye wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti kitu na mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Kalenda ya ibada umeshaipata: sikukuu iangukie mwezi mpevu, wavuvi wako nchi kavu, nyavu zinashonwa, na pesa ya giza lililopita bado inasikika mfukoni. Ukiiweka usiku wa giza, eleza kwa nini watu waiache riziki majini. Labda kuiacha ndiyo sadaka yenyewe, na hapo una hadithi.

Kisha tafuta maombi yanayogongana. Mkulima analilia mvua. Mama aliyeanika dagaa mchangani anaiombea ipite mbali, maana dagaa wakinyeshewa huharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Usukumani mvua ilihesabiwa kuwa dhamana ya ntemi, yaani mtawala wa jadi. Kwa Wahaya, ng'ambo ya magharibi, ziwa na dhoruba ni vya Mugasha. Usiwanakili; tazama tu jinsi imani ilivyofungwa pamoja na utawala na chakula. Mungu anayejibu kila ombi hana kazi ya kumpa kuhani, kwa kuwa hakuna anayeuliza mvua imegomea wapi. (Na hilo neno “kuhani” linanukia Agano la Kale. Pima kwanza.)

Kiswahili kina chombo kinachosahaulika: ngeli. “Mzimu umekasirika” na “mzimu amekasirika” si kauli moja. Hata Biblia husema “miungu mingine”, si “wengine”, ilhali Mungu mmoja “anasema”. Mhusika anayeamini mpe “a-”, asiyeamini mpe “u-”. Siku muumini akiteleza na kusema “umekasirika”, msomaji atajua imani imeondoka kabla mwenyewe hajakiri. Ila mwandikie mhariri mapema, la sivyo ataona makosa ya sarufi na kuyasawazisha yote.