Shoka, Mkono na Meza ya Bwana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii swali la kijana mmoja wa hapa Tabora limeninyima usingizi. Vijana wetu walitazama Snowpiercer, sinema ya mwaka 2013 ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Dunia imeganda, na watu wote waliosalia wamo katika treni moja isiyosimama. Wa mbele wanastarehe. Wa mkiani wamesongamana, wanalishwa vipande vyeusi vya wadudu waliosagwa. Sisi wa mji wa reli hatuhitaji kuelezwa daraja la kwanza ni nini na la tatu ni nini. Wa mkiani wanapoinuka, wanapokelewa na wanaume wenye mashoka, nyuso zimefunikwa. Kijana akaniuliza: na maskini akishika shoka, Mungu atamhukumu?

Nilimsomea Mathayo 26:52, Petro na upanga wake. Bwana amesema washikao upanga wataangamia kwa upanga, nasi hatumpingi.

Lakini moyo wangu umeng'ang'ania kwa Gilliam, mzee wa mkiani katika sinema hiyo. Zamani njaa ilipowazidi, Curtis, ambaye sasa ndiye anayewaongoza wa mkiani kuinuka, alishika kisu ili wamle mtoto mchanga. Gilliam akakiomba kile kisu, akaukata mkono wake mwenyewe, akawapa waule, mtoto akapona. Kisu kilekile! Na mwishoni Curtis naye anautia mkono wake ndani ya mtambo wa treni ili mtoto mwingine atolewe humo.

“Huu ndio mwili wangu unaotolewa kwa ajili yenu.” Maneno haya ya Yesu tunayasikia kila tunaposhiriki Meza ya Bwana. Kisha someni 1 Wakorintho 11:21: huyu ana njaa, na huyu amelewa. Paulo hakuwaandikia wapagani, wapendwa. Aliliandikia kanisa!

Niseme wazi. Majuzi kwenye ibada ya shukrani, walioahidi fedha nyingi walitengewa meza yenye kuku na soda. Akina mama waliokuwa jikoni tangu alfajiri wakabaki kukwangua masufuria. Bibi mjane akainuliwa kwenye kiti ampishe mgeni. Yakobo 2, inayotukataza kumpendelea tajiri, tunaihubiri, halafu tunafanya hivi? Kijana anayemwona mama yake akiambiwa “simama wewe pale”, tena nyumbani mwa Baba yake, mnataka akajifunze upole wapi?

Jumapili hii tuna ushirika. Wazee wa kanisa, nawasihi kwa jina la Yesu: chakula kipikwe kimoja, kipakuliwe sahani za aina moja, na waanze kula akina mama wa jikoni. Wenye nafasi zenu, njooni mapema tusaidiane kuteka maji na kupakua.