Yakutsk: Mji Usiogusa Ardhi

Treni itokayo kusini huishia Nizhny Bestyakh, ng'ambo ya Mto Lena, na hapo ndipo nilipotambua kwamba Yakutsk, makao makuu ya Jamhuri ya Sakha, jimbo la Urusi lililoko Siberia ambalo ukubwa wake unazidi Tanzania mara tatu, haina daraja la kuuvukia mto huo. Nilifika Februari, hivyo sikuhitaji pantoni, maana mto ulikuwa umeganda na kugeuzwa barabara yenye vibao vya mwendo na vya uzito wa magari. Tulipoteremka kutoka ukingoni, dereva alinitaka nifungue mkanda. Niliposhangaa, alinieleza kwa utulivu kwamba barafu ikipasuka, aliyejifunga hana muda wa kutoka. Sikuuliza jambo jingine mpaka tulipofika upande wa pili.

Mji ulianza mwaka 1632 kama ngome ya mbao ya Wakozaki, wapiganaji waliotumikia dola ya Urusi, na sasa una wakazi zaidi ya 300,000. Asubuhi yangu ya kwanza kipimajoto kilionyesha nyuzi 41 chini ya sifuri, na pumzi za watu, moshi wa magari na mvuke wa mabomba vilikuwa vimechanganyika kuwa ukungu mzito kiasi kwamba niliwasikia wapita njia, wengine wakizungumza Kirusi na wengine Kisakha, kabla ya kuwaona.

Nilidhani baridi ndiyo ingekuwa habari yangu kuu, lakini kilichonishika zaidi ni nyumba. Maghorofa yamesimama juu ya nguzo za zege, na chini ya kila moja kuna uwazi ambao ukiinama unaona mpaka mtaa wa pili. Udongo wa hapa umeganda kwa mamia ya mita kwenda chini, na joto la vyumba likiufikia utayeyuka kuwa tope na jengo litatitia; kwa hiyo upepo huachwa upite chini ya sakafu ili ardhi ibaki na baridi yake. Kwa sababu hiyohiyo mabomba ya maji moto hayazikwi, bali hupita juu ya ardhi, na yakikutana na barabara hupanda kama tao na kushuka tena. Nyumba za zamani za mbao, zilizojengwa bila nguzo, zimezama hata madirisha ya baadhi yake yanakaribia kugusa njia ya waendao kwa miguu.

Mfanyabiashara Fyodor Shergin aliijua ardhi hii kwa kuchoka. Alichimba kisima akitafuta maji, na kazi iliposimama mwaka 1837 alikuwa amepita mita 116 bila kufika mwisho wa udongo ulioganda. Leo udongo huo ulioganda huchunguzwa na taasisi yenye jina la mwanasayansi Pavel Melnikov, ambayo mbele yake pana sanamu ya tembo wa kale mwenye manyoya. Tuliteremshwa katika mahandaki yake, na kwa kuwa kule chini baridi ni ya nyuzi chache tu, nilivua glavu kwa mara ya kwanza siku hiyo nikiwa chini ya ardhi.

Sokoni, uwanjani pasipo jokofu lolote, samaki walikuwa wamesimamishwa wima kama kuni, na maziwa yaliuzwa yakiwa yameganda kwa umbo la sahani. Mama mmoja alinikatia vipande vyembamba vya samaki mbichi, akavichovya katika chumvi na pilipili manga, akanipa. Kwetu Tanga samaki mbichi ni wa paka, ila hawa niliwamaliza.

Usiku wa kuondoka niliinama kutazama chini ya jengo nililolala. Nguzo mbili za pembeni zilikuwa zimevishwa pete za chuma, na juu yake ufa ulipanda ukutani hadi dirisha la ghorofa ya kwanza. Mlinzi alisema pete hizo zilifungwa majira ya joto yaliyopita, ardhi ilipoanza kulegea.