Mchezoni Ninaitwa Dada

Mimi ni mwanamke transjenda, yaani nilipozaliwa nilihesabiwa mwanamume lakini mimi ni mwanamke. Ninaishi Kigoma mjini, na watu wanaonijua kwa jina langu na kwa jinsia yangu ni wale ninaocheza nao Free Fire, mchezo wa mapigano wa kwenye simu. Ninaandika haya kwa sababu mara nyingi ninasoma maneno ya wachezaji wanaosema kwamba mwanamume anayechagua mhusika wa kike anawadanganya wenzake, nami ninajua kuwa maneno hayo yanatuangukia watu kama mimi hata pale wasemaji wanapokuwa hawajui kwamba tupo. Ninataka kuwajibu kwa upole: mchezoni ndipo mahali ambapo sidanganyi.

Mchezo wenyewe hauhitaji maelezo mengi kwa vijana wa huku. Ulitolewa na kampuni ya Garena mwaka 2017, unachezeka hata kwenye simu za bei nafuu, wachezaji 50 wanashushwa kisiwani, na kikosi kitakachobaki hai mwisho ndicho kinachoshinda. Mimi humtumia zaidi Kelly, msichana mkimbiaji ambaye uwezo wake ni kwenda kasi. Nilipomchagua mara ya kwanza sikuwa na nia ya kutangaza jambo lolote. Nilipenda mbio zake. Usiku huo mwenzangu mmoja kikosini, kijana wa Tanga ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana, aliandika: “Dada, nilindie mgongo, naingia kwenye nyumba.” Nikamjibu: “Ingia, kaka, nimewaona wawili dirishani.” Akaingia, tukawamaliza wale wawili, naye akaendelea kuniita dada mpaka mchezo ulipokwisha, bila kuwaza kwamba amefanya jambo lolote la ajabu. Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Maisha yangu yote nimekuwa nikiitwa kaka, na kila mara nimeitika kama mtu anayeitikia jina la jirani kwa sababu jirani hayupo.

Nje ya mchezo mambo yamefungwa kwa karatasi. Bando ninalonunua usiku ili nicheze linaingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kama inavyotakiwa kwa kila mtu, na jina lililomo ni lile nililopewa nilipozaliwa. Nchini kwetu hakuna utaratibu wa kisheria wa kubadili jinsi iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Siku ya Idi ninakwenda Ujiji kwa bibi, ninavaa kanzu na kofia, ninasimama katika safu ya wanaume, kisha ninakaa barazani na wajomba wanaoniuliza nitaoa lini. Ninafanya hivyo kwa sababu ninampenda bibi, na kwa sababu usalama wangu unanidai nifanye hivyo. Ninaomba anayeniita mwongo afikirie hapo: yule wa barazani ndiye ninayemwigiza, kwa bidii na kwa uchovu mwingi, wakati Kelly hanidai maigizo yoyote. Ninapokuwa mchezoni ninaongea ninavyoongea, ninacheka ninavyocheka, na ninamkaripia anayetuacha nyuma kama ambavyo dada yeyote angemkaripia.

Wala si mimi peke yangu niliyejitambua kwa njia hii. Maddy Thorson ni mmoja wa waliotengeneza Celeste, mchezo uliotoka mwaka 2018, unaomhusu msichana aitwaye Madeline anayepanda mlima huku akipambana na wasiwasi wake mwenyewe. Mwaka 2020 Thorson aliandika kwamba Madeline ni transjenda, kwamba naye mwenyewe ni transjenda, na kwamba alipokuwa akiutengeneza mchezo huo alikuwa bado hajalijua hilo, si kuhusu mhusika wake wala kuhusu nafsi yake. Habari hiyo ilinipa faraja kubwa, kwa kuwa ilinionyesha kwamba mtu anaweza kumtengeneza au kumchagua mhusika kwanza, kisha akaja kuelewa baadaye kwa nini mkono wake ulikwenda pale.

Watengenezaji nao wana nguvu kuliko wanavyodhani. Mwaka 2016 The Sims 4, mchezo wa kuunda watu na kuyaendesha maisha yao, uliondoa mipaka iliyokuwa ikitenga nguo, nywele, mwendo na sauti za kiume na za kike, na mchezaji akaachiwa kuchanganya apendavyo. Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa mwaka 2020 wa kujenga maisha kisiwani, haumuulizi mchezaji kama ni wa kiume au wa kike, unamtaka achague mwonekano, naye anaweza kuubadilisha baadaye akisimama mbele ya kioo. Lakini mwaka 2010 kampuni ya Blizzard, yenye mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, ilitangaza kwamba wanaoandika kwenye majukwaa yake ya majadiliano wataonyeshwa kwa majina yao halisi. Wachezaji walipinga kwa nguvu, wakiwemo wanawake na watu transjenda waliojua kwamba jina hilo lingewaanika mbele ya wasiowatakia mema, na kampuni ikaachana na mpango huo ndani ya siku chache. Kwa mtu anayeishi katika mji ambamo kila mtu anamjua mama yake, najua kabisa ningekuwa upande gani katika ubishi ule.

Ugumu wa kweli uko kwenye maiki. Mwili wa mhusika ninauchagua, jina ninaliandika mwenyewe, lakini sauti inatoka kwenye koo langu. Wakati wa kubalehe, homoni ya testosteroni hurefusha na kunenepesha nyuzi za sauti, na zikishanenepa hazirudi zilivyokuwa. Hata dawa za estrojeni, homoni ya kike, wanazotumia baadhi ya wanawake transjenda haziinui sauti. Kwangu kinachobaki ni mazoezi. Sauti ya mwanamume akizungumza hutetema kwa wastani mara 120 hivi kwa sekunde, na ya mwanamke kama mara 200, ila kuipandisha tu hakutoshi, kwa sababu sikio linasikiliza pia jinsi mlio unavyokaa kooni na kinywani, na jinsi sentensi inavyopanda na kushuka. Mimi hujizoeza ufukweni Kibirizi, ambako injini za maboti na kelele za wapakiaji humeza kila kitu. Ninajirekodi kwa simu, ninasikiliza, kisha ninarudia sentensi zilezile ninazozihitaji kikosini: “Wapo kushoto.” “Nipe risasi.” “Nakuja.” Sentensi fupi ndizo ngumu kuliko zote, maana husemwa wakati wa hatari, na mtu akishtuka koo hurudi kwenye mazoea yake ya zamani. Programu za kubadili sauti zipo, nami nimezisikia. Huchelewesha maneno na kuyafanya yasikike kama ya mashine, na katika mapambano ucheleweshaji huo unaua.

Usiku mmoja tuliingiziwa mgeni kikosini ambaye hakuacha kuuliza: “Mbona huyu dada haongei? Washa maiki basi.” Nikaiwasha, nikasema: “Wapo kushoto, nyuma ya mawe.” Akacheka sana. “Kumbe ni jamaa!” Yakafuata matusi ambayo sitayaandika hapa. Yule kijana wa Tanga alimsubiri anyamaze, kisha akamwambia: “Dada amesema wapo kushoto. Wewe unaangalia wapi?” Na kweli walikuwa kushoto. Baada ya mchezo aliniandikia pembeni: “Dada, yule nimemzuia. Kesho upo?” Hakuniuliza lolote kuhusu sauti, wakati ule wala baadaye.

Si kila kikosi kina mtu wa namna hiyo, na heshima yangu haipaswi kutegemea bahati ya kupangiwa mtu mwema. Ndiyo maana ninatamani watengenezaji watupatie ujumbe mfupi ulioandaliwa tayari kwa Kiswahili, wa kutosha kuendesha pambano zima kwa kidole, na waufanye uonekane wazi kwenye skrini kiasi kwamba asiyeongea asionekane amewatelekeza wenzake. Ninatamani pia malalamiko dhidi ya matusi ya sauti yashughulikiwe kwa uzito uleule unaopewa malalamiko dhidi ya wanaotumia programu za kuiba ushindi mchezoni. Na kwenu wachezaji wenzangu ombi langu ni dogo: msimlazimishe mtu kuwasha maiki. Muulizeni adui yuko wapi, naye atawaandikia.